Kupeleka watoto wadogo paki ya michezo bila kurudi nyumbani mnalia wote

Kwanza tuelewane hapo kwenye neno paki, maana Kampala ukimwambia mtu unapeleka watoto paki anadhani unawapeleka paki ya taksi kule chini mjini, na kusema ukweli kuna siku kelele hazitofautiani. Mimi naongelea ile ya michezo, yenye bembea na treni ya watoto na vigari vya kugongana na ile ngome ya kupuliza ya kurukia tunayoita baunsing kaso, kama Wonder World pale Kansanga njia ya Ggaba, au vile viwanja vidogo vya watoto vilivyoota kwenye mamoli na mahotelini siku hizi. Na zoo ya Entebbe nitaiingiza humo humo, kwa sababu kwa mtoto wa miaka miwili naona ndiyo inashinda zote, tutafika huko.

Nina watatu. Kifungua mimba ana mitano, wa kati miwili na nusu, na huyu wa mgongoni ana miezi minane. Nimeshatoka nao mara za kutosha kukosea karibu kila kitu, kwa hiyo haya siyo ya kusoma mahali, ni ya kuumwa mgongo.

Mara ya kwanza kabisa nilikuwa na hao wawili wakubwa tu, huyo wa kati ndio alikuwa ametimiza mwaka na nusu. Baba yao kapata visente, akasema leo watoto wale maisha, tukaenda sehemu moja ambayo siitaji jina, tukalipa tiketi ya kutwa nzima kila mtu, hadi huyo mdogo ambaye nilikuja kujua baadaye umri wake walikuwa wanaingia bure, hakuna aliyetuuliza na sisi hatukuuliza. Kapandishwa farasi wa kuzunguka, akalia. Treni, akalia. Akatokea jamaa kavaa kinyago cha panya mkubwa anataka kumsalimia, hapo ndio alilia mpaka akatapika. Nikampeleka nyuma kule karibu na choo kumwosha mdomo, kuna bomba linavuja limefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaona maji, akanyamaza. Akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Alikaa kwenye lile bomba dakika arobaini na ushee, ukimtoa anapiga yowe watu wanageuka, na baba yake kasimama pembeni na tiketi mkononi anapiga hesabu.

Sasa shida siku ile haikuwa mtoto, shida ni sisi tulipanga siku kwa kuangalia tiketi, tukataka irudi hela yake. Mtoto mdogo hajui tiketi. Saa yake ni usingizi na tumbo, basi, na ukipanga safari yako kwa hizo saa mbili mengine yote yanakuwa mepesi.

Pangia usingizi kwanza

Angalia mwanao analala mchana saa ngapi. Wangu wa kati anaanguka saa sita na nusu, hata umweke kwenye ngoma. Maana yake nina masaa matatu tu mazuri ya kucheza, kuanzia saa tatu hadi saa sita, na ndiyo siku yake nzima hiyo, mtu asikudanganye kwamba katoto ka miaka miwili kanaweza kushinda mahali tangu asubuhi mpaka jioni kakiwa na furaha. Kwa hiyo mimi nafika wakati geti linafunguliwa, ile saa hakuna foleni na vijana wa mashine bado wana tabasamu, tunacheza, tunakula mapema saa tano na nusu, na ikifika saa sita aidha tunaondoka analala njiani, au natandika mkeka chini ya mti ananyonya analala hapo hapo huku yule mkubwa anaenda na baba yake kwenye mambo ya wakubwa. Hiyo ya mkeka inataka mahali penye kivuli na pasipo spika kubwa, uliza kabla.

Saa hizo za asubuhi zina faida nyingine, jua. Sisi hapa tuko karibu na mstari wa ikweta na Kampala iko juu kama mita 1,200 hivi, jua la saa sita linachoma hata kukiwa na mawingu, na mtoto haonyeshi mpaka jioni unapomvua nguo unakuta shingo nyekundu. Kofia yenye ukingo mpana, fulana ya mikono mirefu nyepesi, na kivuli kuanzia saa nne hivi mpaka saa kumi kila ukiweza. Kachanga ka chini ya miezi sita kaweke kivulini tu usihangaike na mafuta ya jua, na kasipewe maji ati kwa sababu ya joto, kananyonya mara nyingi zaidi, inatosha.

Siku gani

Siyo Idi. Siyo Krismasi wala siku inayofuata, siyo mwaka mpya. Najua ndizo siku ambazo watoto wana nguo mpya na baba yuko nyumbani, na najua mkubwa atalia, lakini mwenye mtoto wa chini ya miaka minne akija siku hizo anatafuta matatizo kwa hela yake. Usiku wa kuamkia 2023 kwenye moli moja barabara ya Entebbe watu walisukumana kwenda kuangalia fataki, wakafa wasiopungua tisa na humo kulikuwa na watoto. Tangu hapo mimi penye umati na mlango mmoja sipiti na mtoto, hata iwe bure.

Siku nzuri ni Jumanne mpaka Alhamisi wakati shule zimefunguliwa, hawa wadogo hawana shule kwani. Ila uliza kama kuna ziara ya shule siku hiyo, maana mabasi manne ya praimari yakishusha hata choo hukipati. Ukibanwa na kazi basi Jumamosi asubuhi, Jumapili mchana ndio wote wanatoka kanisani wanakuja huko huko.

Na mvua, unaijua mwenyewe, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba. Haimaanishi usitoke, maana mvua zetu zinapiga saa moja zinaacha, inamaanisha uwe na pa kujificha na nguo ya kubadili, na ukubali kwamba baada ya mvua mashine nyingi zinasimama na baunsing kaso inakuwa kama sabuni. Entebbe kule ziwani mvua inaweza kukukuta asubuhi wakati Kampala kumekauka kabisa.

Piga simu kabla, dakika mbili tu, uliza: mtoto wa miaka miwili analipa? Hiyo bei ni ya kuingia tu au na michezo, maana kuna wanaokuuzia geti halafu kila bembea tokeni yake. Chakula chetu tunaruhusiwa kuingia nacho? Umeme ukikatika jenereta inawashwa? Hilo la mwisho watu wananicheka, lakini wewe subiri ukae kwenye treni imesimama katikati na mtoto anakuuliza mbona haiendi.

Nani aje

Hesabu yangu ni mtu mzima mmoja kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ukiwa na wawili wadogo na uko peke yako, usiende, nenda siku nyingine. Chukua wifi, chukua mdogo wako, chukua jaja wao, yaani bibi.

Sisi tulimchukua mama mkwe, kaja kutoka Arua kututembelea, njia nzima ananisuta. "Mama Swaleh, kwani nyie mnalipa hela mtu aende kumzungusha mtoto kizunguzungu?" Nikamwambia mama, twende tu utakaa kivulini. Kafika, kakaa kwenye kiti cha plastiki na begi letu miguuni, hakuna kibaka wala tumbili aliyesogea, kachanga kamelala mapajani mwake masaa mawili, na mimi kwa mara ya kwanza nikapanda bembea na mwanangu mikono yote miwili iko huru. Sasa hivi sitoki bila mtu wa kukaa na begi. Tena kumlipia kiingilio chake ni rahisi kuliko kuhangaika.

Cha kubeba

Begi la mgongoni moja, siyo mawili na mfuko. Kigari cha kusukuma mimi niliacha, viwanja vingi vina changarawe na ngazi na mitaro, unaishia kukibeba juu kama jeneza. Kitenge kinashinda, unamfunga mtoto mgongoni, kikilowa kinakauka, kinakuwa mkeka, kinakuwa pazia la kunyonyeshea, kinafuta, kinafunika kichwa. Beba viwili.

Pampasi hesabu moja kwa kila masaa mawili halafu ongeza mbili. Waipsi. Nguo seti mbili kwa kila mtoto, na fulana moja YAKO, hiyo wengi wanaisahau halafu wanarudi kwenye taksi wananuka maziwa. Kaveera, ile mifuko ya plastiki, mbili tatu za kuwekea vilivyolowa na vichafu. Sabuni kipande, maana kwenye vyoo vya hivi viwanja maji yapo ila sabuni ni bahati. Pakiti mbili za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na maji safi ya kuchanganyia. Poti, kama mtoto ndio kwanza anajifunza, beba ile ndogo usione haya, mtoto aliyezoea poti ya bluu hawezi kukaa kwenye choo cha watu wazima ghafla, atabana mpaka ajikojolee kwenye foleni.

Chakula, uji kwenye flaski asubuhi, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi. Hata kama ndani wanauza chipsi na kuku, itakuchukua nusu saa kuvipata, na mtoto akishafika hatua ya kulia njaa nusu saa ni mwaka. Hapo kuna kitu nisisitize, karanga, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka minne, hasa akiwa anakimbia au yuko kwenye bembea. Soseji ikatwe kwa urefu, siyo vile vipande vya duara, duara ndilo linaloziba koo barabara. Na ujue cha kufanya kabla hakijatokea. Wa chini ya mwaka mmoja anayekabwa na hawezi kulia wala kukohoa unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, hakijatoka unamgeuza unabonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, unarudia huku mwenzio anatafuta msaada. Aliyezidi mwaka unamwinamisha, mgongoni mara tano, halafu unamshika kwa nyuma unamminya juu ya kitovu kuingia ndani na kupanda, mara tano. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma chini zaidi.

Hela, beba za mkononi za kutosha na ziwe ndogo ndogo. Kwenye simu zipo sawa, lakini wakala wa ndani akiwepo foleni yake ni ndefu kuliko ya treni, na kutoa unakatwa ya wakala na ile kodi ya 0.5% ya tangu 2018 juu yake.

Njiani

Boda na watoto, mimi hapana. Najua tunawabeba mishikaki kila siku kwenda shule, mbele mmoja katikati mmoja, lakini siku ya kustarehe usiianzie na hatari. Taksi za abiria kumi na nne ziko sawa asubuhi, ila usikubali kondakta akupakatishe watoto wawili kwa nauli ya kiti kimoja halafu aongeze mtu pembeni yenu, lipia viti viwili, mtoto akae dirishani aangalie ng'ombe, nayo ni sehemu ya safari. Kama mnaenda Entebbe na gari lenu, barabara ya zamani Kibuye na Najjanankumbi inaweza kukula saa nzima, ile ya kulipia iliyofunguliwa 2018 inaingilia Busega na wameanza kutoza Januari 2022, gari dogo lilianza kwa shilingi 5,000, na ukiwa na mtoto anayetapika kwenye foleni utaona ni bei ya bure.

Mkifika getini

Kabla ya kuingia wapige picha watoto wote na nguo walizovaa siku hiyo. Akipotea hutaulizwa jina, utaulizwa kavaa nini, na ukiwa na hofu hukumbuki, mimi nilishawahi kusema njano kumbe kavaa kijani. Andika namba yako ya simu kwa peni mkononi mwake, upande wa ndani karibu na kiwiko. Jina usiandike nje mahali mtu baki anaweza kulisoma akamwita. Mkubwa mwonyeshe mtu wa kumkimbilia, yule mwenye fulana ya kazi ya hapo, au mama mwenye watoto, mwambie "ukiona hatupo simama hapo hapo uite mama kwa sauti". Asije akatutafuta, wote tukizunguka hatutakutana.

Halafu usimkimbize kwenye mashine. Kaa naye dakika kumi aangalie tu. Watu wazima tunaona farasi wa kuzunguka, yeye anaona chuma kikubwa kinapiga kelele na watoto wa watu wanapiga mayowe ndani. Akishaona wenzake wanashuka wakiwa hai ataomba mwenyewe. Akikataa, kakataa. Usimbebe kwa nguvu ati tumeshalipa.

Kwenye mashine zenyewe

Ule ubao wenye alama ya urefu siyo mapambo. Chuma kinachofunga mapajani kimetengenezwa kwa mtu wa ukubwa fulani, mtoto mfupi anateleza chini yake mashine ikiinuka, na kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulinganisha na shingo yake, ile kurushwa upande ambayo wewe unacheka yeye inamuumiza. Kuna vijana wa mashine watakuambia "mama, mpakate tu hakuna shida". Kuna shida. Mkono wako hauwezi kumshika mtoto chombo kikigeuka ghafla. Shuka.

Na hili la kumpakata linanileta kwenye mteremko, ule wa kuteleza, ambao kila mtu anaona ni salama kuliko vyote. Wifi yangu alimpakata mwanae wa mwaka na miezi minane wakateleza pamoja, mtoto kavaa vile viatu vya mpira vyenye matundu. Katikati mguu ukagusa ukingo, mpira ukanata, na mama yake na kilo zake zote anaendelea kushuka. Hakukuwa na damu, hakukuwa na uvimbe wa kuonekana, ila mtoto akakataa kusimama. Tukadhani deko. Kesho yake kwenye picha mfupa wa muundi una ufa, plasta wiki tatu. Daktari akasema anawaona wengi wa namna hiyo, mtoto angeteleza peke yake mguu ungenata angesimama tu, uzito wa mzazi ndio unaovunja. Kwa hiyo avue viatu, ateleze peke yake kwenye ule mfupi, wewe simama pembeni umshike mkono. Ule mrefu akikua. Na mteremko wa chuma uguse kwanza kwa mgongo wa mkono, ukichoma wewe yeye atakaa juu yake na mapaja wazi.

Baunsing kaso, angalia vigingi na kamba kwanza, kila pembe ifungwe chini, na upepo ukianza kupeperusha mahema watoto watoke. Halafu angalia nani yuko ndani. Watoto wanaumizana kule kwa kuangukiana, na katoto ka miaka miwili kakiruka na ka miaka tisa, ka miaka tisa kakitua hako kadogo kanaruka juu kama mpira. Ongea na kijana anayesimamia, kwa heshima tu, "kaka, naomba wadogo wapewe dakika kumi peke yao", wengi wanakubali. Nimewahi kukataliwa mara moja, nikampeleka mtoto kwenye majani akaruka huko, hakujua tofauti.

Bwawa hata kama maji yanafika gotini, uwe ndani naye, umbali wa mkono wako. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, anainama tu kimya, na vile vya kupuliza vya mikononi ni vya kuchezea, havizuii. Hapa tatizo kubwa mimi naliona ni watu kuwa wengi, baba yupo, shangazi yupo, mama yupo, kila mmoja anadhani mwenzie anaangalia. Sisi tuna funguo za nyumba. Aliyeshika funguo ndiye anayeangalia, hashiki simu, haongei na mtu, baada ya robo saa anamkabidhi mwingine mkononi na kusema "zamu yako". Inaonekana kama mchezo, lakini tangu tuanze sijawahi kusikia "nilidhani uko naye".

Nje ya geti kuna wale wauza midoli ya kuwaka taa, upanga, pete, miwani, vitu vya bei ndogo. Ndani mna betri bapa kama kitufe, na mfuniko wake mara nyingi hauna hata skrubu. Hiyo betri mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya masaa mawili tu, na anaweza kuonekana ana mafua tu. Kama unashuku kameza, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri itoke. Mimi nanunua kipande cha muwa tunaendelea na safari, na puto lililopasuka naokota vipande vyote kabla huyu wa kutambaa hajavipata.

Kwa nini nasema zoo

Ile ya Entebbe ilianza 1952 kama mahali pa kulelea wanyama yatima na waliookolewa, siku hizi inaitwa kituo cha elimu ya wanyamapori, iko kando ya ziwa, ina miti mikubwa na uwanja wa watoto kuchezea. Kwa mtoto mdogo ina kila alichokitaka yule wangu wa bombani, hakuna foleni ya kupanda kitu, hakuna spika, anatembea kwa miguu yake anasimama anapotaka. Twiga, simba, vifaru, sokwe. Na kuna korongo nyangumi, yule ndege mrefu mwenye mdomo kama kiatu, anasimama hasogei kabisa, mwanangu alisimama mbele yake naye hasogei, wakaangaliana muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa mimi.

Anza na mnyama mmoja anayemjua kwenye kitabu, muone huyo, mpumzike, muone mwingine. Usijaribu kumaliza zoo. Na chakula chenu kuleni mkiwa mmekaa kwa kundi na kifunikwe, kuna tumbili wanazurura huru, wanajua mtoto ndiye mwepesi. Alikuja mmoja kwa nyuma, mkono tu nikauona, chapati haipo, na kifungua mimba kabaki amekunja vidole kana kwamba bado kaishika. Asimlishe, asimkimbize, asimwangalie usoni kwa karibu, anauma.

Kuondoka

Ondoka wakati bado anacheka. Ukisubiri achoke ndio muondoke utabeba mtoto anayejinyoosha kama ubao mpaka stegi. Usimwambie "bado dakika tano", dakika yeye anazijulia wapi, mwambie "bembea mbili, halafu taksi", na zikiisha mbili kweli mnaenda, hata akilia. Mpe kazi, abebe flaski, aage farasi, aage treni, aage na bomba kama lipo.

Msipitilize mpaka jioni. Huku jua linazama saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja kasoro mwaka mzima, na hiyo saa ndiyo mbu wanaanza na taksi zinajaa watu wa kazini. Nyumbani ogesha kwanza kabla hawajalala, angalia masikio, vidole vya miguu na nyuma ya shingo, mpe maji na uji mwepesi, halafu nguo za kwenye kaveera toa zote usiku huo huo uloweke, mimi nililisahau begi siku tatu nyuma ya mlango na hiyo flaski ya uji ndani, baba yao akadhani panya amekufa.